Mapacha njiti wodini: mwongozo kwa wazazi wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito ni njiti, na mapacha huwahi kuliko mtoto mmoja. Kama wako wamezaliwa wiki ya 28, ya 30 au ya 32, usijipangie siku tatu za hospitali. Chukua kadi ya kliniki, tazama tarehe uliyokadiriwa kujifungua, kisha jipange kana kwamba mtaondoka karibu na tarehe hiyo. Wengi hutoka mapema zaidi, wachache huipita. Ukianza na hesabu hiyo, kila wiki ya ziada haitakuvunja moyo.

Nimeishi kwenye wodi hizi na mapacha wangu, na hadi leo nakaa na kina mama wanaoingia. Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo: wewe si mgeni pale. Kifua chako, maziwa yako na macho yako ni sehemu ya matibabu ya watoto wako, sawa na dripu na oksijeni. Mama anayejiona mgeni hukaa benchi la nje akisubiri kuitwa, na watoto hukosa kitu ambacho hakiko kwenye kabati la dawa.

Naandika kwa ajili ya watu wa huku: aliyejifungulia Wazazi Meta, upande wa uzazi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au aliyeletwa hapo na gari la wagonjwa kutoka Chunya, Rungwe au Kyela, aliyeko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, Tosamaganga au Njombe. Taratibu za kila wodi zinatofautiana kidogo, na neno la daktari na manesi wanaowaona watoto wako ndilo la kufuata. Ila baridi yetu ni ileile, na mama mkwe ni yuleyule.

Hatua ya 1: Siku za kwanza, jua kinachofanyika na kwa nini

Huenda ukawaona watoto wako kwa mara ya kwanza wakiwa na mipira puani, waya mguuni na taa ya bluu juu yao. Inatisha. Inatisha kidogo zaidi kama hujui kila kitu ni cha nini, kwa hiyo uliza.

Mapafu ya njiti hayajakomaa. Hayana vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Ndiyo maana huwekewa oksijeni, au mashine inayosukuma hewa puani, ile manesi wanayoiita sipapu. Ubongo wake nao husahau kupumua. Mtoto anaweza kunyamaza kwa sekunde 20 au zaidi, akabadilika rangi, kisha akishtuliwa kwa kusuguliwa unyayo au mgongo anaanza tena. Kuna dawa ya kafeini au aminofilini ya kumkumbusha. Ini lake bado changa, hivyo manjano hupanda upesi, na taa ya bluu ndiyo tiba. Macho hufunikwa ili yasiumizwe na mwanga. Hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka kama maji kwenye kikapu. Na hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mpaka afike kama wiki ya 34, ndiyo maana ya mpira wa kulishia.

Uzito utashuka siku za mwanzo. Kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa ni jambo la kawaida kwa njiti, na wengi huurudia uzito ule kwenye wiki ya pili. Nimeona kina mama wakilia mbele ya mzani siku ya nne kwa sababu hakuna aliyewaambia hili.

Kama umefanyiwa upasuaji au presha ilipanda (kifafa cha mimba huwaleta mapacha wengi kabla ya wakati), nawe ni mgonjwa. Kunywa dawa zako, pimwa presha, angalia kidonda. Kichwa kikiuma sana, ukiona maluweluwe au damu ikizidi, sema saa hiyohiyo hata kama ulikuwa umekaa na watoto.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Nunua daftari la shule na kalamu. Kila ukurasa upige mstari katikati: kushoto pacha wa kwanza, kulia pacha wa pili. Hata kama nyumbani mmeshawaita Kulwa na Doto, wodini andika kama hospitali inavyowaandika, pacha 1 na pacha 2, ili wewe na nesi msipishane.

Ukurasa wa siku moja unaweza kuwa hivi:

*Jumanne. Pacha 1: gramu 1,340. Maziwa ml 22 kila saa tatu, hajatapika. Kifuani kwa jumla ya saa 7. Choo mara 2. Oksijeni imetolewa.*
*Pacha 2: gramu 1,180. Maziwa ml 15, amecheua mara moja. Yuko kwenye taa. Alisahau kupumua alfajiri, alishtuliwa akarudi. Daktari: damu imepimwa, majibu kesho.*

Daftari hili ndilo litakaloongea daktari wa zamu mpya akiuliza "mama, mtoto anaendeleaje?" saa ambayo kichwa chako hakikumbuki hata siku gani leo. Wenye mapacha tunalihitaji kuliko wengine, kwa sababu habari za watoto wawili huchanganyikana. Dawa ya mmoja inadhaniwa ya mwingine. Kabla ya sindano au mlo, tazama utepe wa mkononi na taja kwa sauti: "Sista, huyu ni pacha wa pili." Hakuna nesi mwema atakayekasirika.

Maswali ya raundi ya madaktari yaandike usiku. Matatu yanatosha: amepanda au ameshuka? Leo kimebadilika nini? Tunasubiri nini ili asogee hatua inayofuata? Salimia, subiri wamalize kumwangalia, kisha uliza. Ukijibiwa kwa maneno usiyoyaelewa, sema "naomba unieleweshe, daktari". Hilo ni haki yako, na hakuna aibu ndani yake.

Hatua ya 3: Maziwa, usiku na mchana

Hapa nitakawia, kwa sababu hii ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kukufanyia.

Anza kukamua mapema kadiri unavyoweza, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, na isipite saa sita baada ya kujifungua. Usisubiri matiti yajae. Yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, dang'a, yatatoka matone tu, na matone hayo ndiyo chanjo yao ya kwanza. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au yakingie kwenye kijiko safi. Usiyamwage kwa kuambiwa ni machafu. Utumbo wa njiti ni mwepesi kuoza ukipata maambukizi, na maziwa ya mama ndiyo kinga kubwa kuliko zote tunazozijua dhidi ya ugonjwa huo.

Namna ya kukamua kwa mkono: osha mikono kwa sabuni. Kaa wima kidogo, weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi, lipapase polepole kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya chuchu, pale eneo jeusi linapoishia. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi, utachubuka. Zungusha vidole kila upande. Maziwa yakipungua hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza. Nusu saa kwa raundi moja ni kawaida.

Raundi ni nane kwa siku, pamoja na usiku. Wengi hupanga hivi: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku na saa 9 usiku. Najua ile ya saa 9 usiku Julai hapa Mbeya, maji ya bomba yanachoma mikono kwa baridi. Usiiruke. Mwili huhesabu maziwa yanayotoka na kutengeneza kulingana nayo, na usiku ndipo homoni ya maziwa inapokuwa juu zaidi. Wewe unalisha wawili. Ukiruka raundi za usiku wiki mbili za kwanza, itakuwia vigumu kurudisha baadaye.

Maziwa yakigoma, kabla hujasema "sina maziwa" jaribu haya: kamua ukiwa umekaa karibu na watoto, au mara baada ya kuwatoa kifuani. Jifunike mabega, mwili wenye baridi haushushi maziwa. Kunywa uji wa moto wa ulezi kwanza. Omba nesi akutazame unavyokamua. Mara nyingi tatizo ni mahali pa vidole tu. Mashine ya kukamulia inasaidia, lakini ya kuazimana bila kuchemshwa ni hatari kwa watoto wa wote wawili.

Kila pacha awe na kikombe chake na bomba lake, vimeandikwa P1 na P2 kwenye plasta. Maziwa ni ya wote, vyombo havichanganywi. Maziwa uliyokamua yafunike. Kwenye chumba cha kawaida yasikae zaidi ya saa nne. Kama wodi ina friji ya maziwa, andika jina, tarehe na saa.

Unapolisha kwa mpira, nesi huhakikisha kwanza uko tumboni. Maziwa hushuka yenyewe kwa uzito wake, usisukume. Wakati yanashuka, mpe mtoto kidole safi au chuchu iliyokwisha kukamuliwa ailambe, ajifunze kuwa kushiba kunaanzia mdomoni. Akifika hatua ya kikombe, mkalishe karibu wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini na umwache alambe mwenyewe. Ukimmiminia, anapaliwa. Mara nyingi mmoja atafika titini kabla ya mwenzake, na hilo halimaanishi aliyebaki amelegea. Mpe muda.

Chochote kingine kisiingie: maji, glukosi ya kujitengenezea, dawa ya tumbo la mchango, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe. Rungwe na Njombe kuna ng'ombe wazuri wa maziwa, na bibi atakuja na chupa kwa mapenzi yote. Mpokee, mshukuru, kisha uyanywe wewe yakiwa yamechemshwa. Yatawafikia watoto kupitia kwako. Maziwa ya kopo yawe kwa agizo la daktari tu, tena kwa kipimo alichoandika.

Hatua ya 4: Kifuani

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, akaanza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ilianza kwa uhaba, ikaonekana ni tiba. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanyika katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwenye mashine, walikufa 12 kati ya 100. Waliosubiri walikufa karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba njiti wawekwe kifuani mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa hiyo ukisikia "kangaroo", yaani huku kumfunga mtoto kifuani, usidhani ni kitu cha maskini tunachopewa kwa kukosa mashine. Ni dawa. Uliza kila siku: "Leo naweza kumweka?" Hata mwenye oksijeni mara nyingi anaweza, nesi akikusaidia na mipira.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Nawe kifua wazi, bila sidiria. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono pembeni. Kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo. Kikilalia kifua chake njia ya hewa inajibana. Funga kwa kitenge, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Vaa sweta au koti la kufunguka mbele, kisha khanga mabegani. Kaa umeegama, usilale chali kabisa. Utamsikia anatulia, pumzi yake inafuata yako.

Mapacha wawili wanaenea kifua kimoja, kila mmoja upande wake, nyuso zikitazamana au kila mmoja kwake. Watoto wadogo wa kilo moja na kitu hawachukui nafasi kubwa. Mwanzoni wafunge mmoja mmoja mpaka mkono uzoee. Lakini kwa saa nyingi kila siku mtu mmoja anachoka, hasa mwenye mshono. Hapo ndipo baba anapoingia. Kifua cha baba kina joto lilelile. Aoge, asiwe ametoka kuvuta sigara, avue shati, akae. Wapo wanaume wa huku wanaoona aibu mbele ya wodi yenye kina mama. Mwambie aje saa za utulivu, akishamshika mara moja hataomba ruhusa tena. Bibi na shangazi pia wanaweza, wakiwa wazima na hawana kikohozi.

Usiweke zamu ya "mmoja leo, mwingine kesho". Mgawanye siku. Aliye dhaifu zaidi aanze na apate saa nyingi, ila hata mwenye nguvu asikose.

Hatua ya 5: Mikono

Fupi, kwa sababu unaijua. Vua pete, bangili na saa, kata kucha. Osha kwa sabuni hadi kwenye viwiko ukiingia, na tena ukihama kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika: tunadhani ni ndugu, hawawezi kuambukizana. Simu ifute kwa kitambaa chenye spiriti, au ibaki nje. Mwenye mafua asiingie, hata akiwa ametoka Makambako kwa basi la alfajiri. Atawasalimia kwa picha.

Hatua ya 6: Wape ndugu kazi

Ndugu wanapenda kusaidia na hawajui wafanye nini, wanakuja kumi na kusimama dirishani. Wagawie.

Mmoja wa chakula: ugali na maharage, viazi, ndizi, mboga za majani, parachichi, supu, na chupa ya chai isiyokauka. Mama anayekamua mara nane kwa siku anakula kama mtu anayelima. Mmoja wa kufua, maana nepi na khanga hazikauki msimu wa mvua. Mmoja wa watoto waliobaki nyumbani. Mmoja wa kuchangia damu, kwani njiti wengi hupungukiwa damu na huongezewa, na benki ya damu inategemea watu kama yeye. Na mmoja, mmoja tu, wa kupokea simu na kutoa habari kwa ukoo, ili wewe usirudie hadithi ileile kwa kila anayepiga.

Mama anayetoka Kyela, joto la kando ya ziwa, hufika Mbeya mwezi wa sita na khanga mbili na kandambili. Kama una jirani wa namna hiyo kitandani, tuma ndugu yako apitie mitumba Mwanjelwa: sweta, soksi nene, kofia ndogo mbili.

Kuhusu fedha: huduma za mama na mtoto chini ya miaka mitano katika hospitali za umma kwa sera hazilipiwi, lakini kila mtu aliyekaa wodini anajua kuna vitu utaambiwa ukanunue. Mkikwama, msikimbie na watoto. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini mapema, kabla deni halijakua, mkaeleze hali yenu. Kama una bima, uliza dirishani jinsi ya kuwaingiza watoto wakiwa bado wodini.

Kwa aliyeajiriwa: sheria inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda kwa wazazi wa njiti. Omba barua ya hospitali inayotaja wiki za ujauzito walipozaliwa, ipeleke kwa mwajiri mapema. Mabadiliko hayo hayakuja hivihivi. Watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, waliyapigia kelele kwa miaka.

Wazee wakitaka mila za mapacha, usigombane nao. Kwa Wanyakyusa wa zamani mapacha walikuwa jambo zito lenye tambiko lake, na makabila mengine nayo yana yao. Jibu la heshima ni kwamba watoto bado wako mikononi mwa madaktari, mambo ya nyumbani yatazungumzwa nyumbani. Ila dawa za mitishamba, chale, au kupaka chochote kwenye kitovu tofauti na kilichotolewa na hospitali, hapo usilegeze. Baba ndiye aseme, siyo wewe uliyechoka.

Hatua ya 7: Siku mbaya

Zitakuwepo. Pacha mmoja atapanda gramu 30 na mwenzake atashuka. Mmoja atatolewa oksijeni asubuhi, jioni atarudishiwa. Ni mwendo wa njiti wote. Usimlaumu yeyote, wala mwili wako.

Ukiona huli, hulali hata nafasi ikiwepo, unalia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, au unapata mawazo ya kujidhuru, mwambie nesi au daktari waziwazi. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, una tiba, na kina mama wa njiti tunaupata sana.

Na kuna familia zinazoondoka na mtoto mmoja. Ikikupata, una haki ya kumshika mtoto wako, kumtaja jina lake, kuagana naye kwa muda unaotosha. Maziwa yataendelea kuja na aliyebaki atayahitaji. Kuendelea kumlisha hakumaanishi umemsahau mwenzake. Wanaokuzunguka wasikuambie "shukuru umebakiwa na mmoja". Ulikuwa na watoto wawili. Waje, wakae, wapike, wanyamaze.

Mama wa kitanda cha pili anaweza kuwa ndugu yako kuliko ndugu. Muulize jina lake halisi.

Hatua ya 8: Kabla ya kuruhusiwa

Hospitali nyingi hutazama mambo haya: anapanda uzito siku kadhaa mfululizo, kiasi cha gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, ananyonya au anakunywa kwa kikombe vyote anavyohitaji, anabaki na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5 akiwa kifuani. Hajasahau kupumua kwa siku kadhaa. Uzito wa kuruhusiwa mara nyingi ni karibu kilo 1.8 hadi 2, kutegemea wodi.

Mmoja akiruhusiwa kabla ya mwenzake, omba abaki nawe kama nafasi ipo. Kama haipo na nyumbani ni mbali, tafuta chumba karibu na hospitali badala ya kurudi Tukuyu na kuja kila siku.

Usiondoke bila: tarehe ya kliniki ya kwanza, dawa za madini ya chuma na vitamini na maelezo ya kipimo, kipimo cha macho, hasa kwa aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki ya 32, kwa sababu mishipa ya macho ya njiti inaweza kukua vibaya na kuleta upofu, na hutibika tu ikigunduliwa mapema. Kipimo hicho hufanyika karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Kama hapo hakipo, uliza mnapelekwa wapi na lini. Uliza pia kuhusu masikio. Chukua tangazo la kizazi la kila mtoto kwa ajili ya vyeti.

Hatua ya 9: Barabarani na nyumbani kwenye baridi

Safari: watu wazima wawili, kila mmoja na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge, sweta, koti juu. Usipande bodaboda. Kwenye kosta kaa mbali na mlango na dirisha lisilofunga. Uso wa mtoto uwe wazi muda wote. Mtazame kila mara. Kama ni mbali, kama Makete au Ludewa, ondokeni asubuhi ili jua liwakute njiani.

Nyumbani baridi ndiyo adui wa kwanza. Juni na Julai sakitu inaanguka Makete na Kitulo, na nyumba nyingi za Mbeya, Mufindi na Njombe hazina dari. Watu watawasha jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Tafadhali, usikubali. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, imeua familia nzima usingizini, na mapafu ya njiti hayahimili hata moshi mdogo. Chupa za maji ya moto kitandani nazo huunguza ngozi yao nyembamba. Mablanketi mazito juu ya watoto wawili hubana pumzi.

Joto salama ni lilelile la wodini: kifua. Endelea na kangaroo nyumbani, wewe, baba na bibi kwa zamu, mpaka mtoto mwenyewe aanze kujinyonganyonga akikataa, kwa kawaida anapokaribia kilo 2.5. Mwogeshe mara chache, mchana wa jua, maji ya uvuguvugu, haraka, umkaushe na kumrudisha kifuani. Kitandani alale chali, bila mto. Gusa tumbo na nyayo: nyayo baridi na tumbo lenye joto ni onyo, vyote viwili baridi, mweke kifuani na uanze safari ya hospitali.

Nenda pia bila kusubiri asubuhi ukiona: anakataa kunyonya au amelegea asiamke, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anakoroma au kifua kinabonyea, midomo ya bluu, degedege, homa, viganja na nyayo za njano, kitovu chenye usaha, tumbo limevimba na anatapika kijani. Pacha mmoja akiugua, mpeleke na mwenzake akaangaliwe.

Chanjo hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa. Wiki 6 ni wiki 6, hata kama mtoto ni mdogo. Zile za mwanzo alizokosa wodini uliza atapewa lini. Lakini kukaa, kutambaa na kutembea huhesabiwa kwa umri uliorekebishwa. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 aliwahi kwa wiki 10, kwa hiyo akifikisha miezi minne mlinganishe na mtoto wa mwezi mmoja na nusu. Fanya hivyo mpaka wafike miaka miwili, na jirani akisema "wa kwangu alikuwa ameshakaa", mpe hesabu hiyo.

Piga picha karatasi za ruhusa kwa simu, moja ibaki kwa baba. Siku yoyote mtakaporudi hospitali, hata kwa mafua, sentensi yako ya kwanza mapokezi iwe: "Hawa ni mapacha, walizaliwa njiti wa wiki kadhaa," utaje wiki zao, kisha utoe karatasi.